Mwanamke wa Namba 74

Kublu alianza kuhesabu watu nyumbani kwake mwenyewe, kwa sababu huko chai ilikuwa tayari. Ndiye karani wa sensa wa kijiji chetu, huku kaskazini kwenye barafu. Kando ya kishikwambi cha serikali alikuwa na bahasha ya picha za sensa ya zamani, zilizoletwa ili tuwataje waliomo. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyeshika kibao cha namba kifuani. Nyuma yake paliandikwa: "Namba 74. Mwanamke. Hajulikani."

Mwanamke akatoka pichani, akajikung'uta theluji, akaweka kibao chini, akaketi sakafuni penye nyama ya sili wa baharini na kujikatia kipande.

"Mume wangu," akamwambia Kublu, "umenenepa."

Hakukosea. Kublu alipewa jina la marehemu mume wa mwanamke huyo, na kwetu jina likihamia kwa mtu, undugu huhama nalo. Ndiyo maana Arnaujaq, mama mzazi wa Kublu, humwita mwanawe Babu, na kumwita mjukuu wake wa miaka saba Bibi. Ukitusikia utadhani tumerukwa na akili. Lakini hatujawahi kupotezana, isipokuwa kwenye makaratasi.

"Karibu, Bibi," Arnaujaq akamwambia mgeni. "Kata na mafuta, usione haya."

"Nataka jina langu liandikwe. Kile kibao kimenitia ganzi mikono."

"Haya, litaje," Kublu akasema, kidole juu ya kioo.

"We Babu!" Arnaujaq akamaka. "Tangu lini mtu akajitaja mwenyewe? Adabu umeiacha wapi?"

Kweli, kwetu mtu hajitaji. Humtazama wa karibu yake, naye humtajia.

"Hata siku ile ya picha nilimtazama mume wangu," mgeni akasema. "Mdomo wake umejaa biskuti za mzungu wa sensa! Mzungu akangoja weee, mwisho akaandika alichoandika."

"Nisamehe, mke wangu," Kublu akasema, maana aibu ile nayo aliirithi. Safari hii akameza kwanza biskuti yake. "Ulaajuk," akatamka.

Mgeni akacheka kwa furaha, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

Kublu akaandika. Kishikwambi kikakataa: Ulaajuk yupo tayari katika nyumba hii, ana miaka saba. Huyo alikuwa binti wa Kublu, aliyerithi jina la mgeni. Akajaribu tena, kikakataa. Mara ya tatu kikamuuliza kama anataka kumfuta mtoto.

"Pigia ofisi," Arnaujaq akasema.

Namba ya ofisi ilikuwepo. Lakini watu wa kusini hukawia kupokea, na chai ilikuwa inapoa. Mgeni akamtazama mumewe, akangoja.

Kublu akaandika: "Mgeni mmoja. Mwanamke. Hajulikani." Kisha akachukua biskuti.

Ulaajuk wa pichani akajifuta mikono, akakiokota kibao chake, akakishika tena kifuani.