Mahali pa Kumwitia Luh

Mvuke ulikuwa ukifuka kwenye tundu la mwamba, na Luh Murtini alikuwa ameingiza mkono mle ndani, akiwapangia wageni wake mayai na ndizi viive juu ya tandiko la nyasi. Alipanga yai la kwanza, akapanga la pili, kisha akaacha kupanga, lakini mkono haukutoka. Ngozi ya vidole ikaanza kuiva. Aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama nguo ya jirani ikilowa mvua kwenye kamba.

"Dada! Dada, unaungua!"

Aliyepiga kelele alikuwa Wening, bibi harusi kutoka mji wa Semarang, aliyepandishwa mlima Batur alfajiri hiyo pamoja na mumewe Bagas ili waone jua likichomoza. Luh akautoa mkono na kuupangusa kwenye suruali.

"Sisi wa huku tumezoea," akasema.

Ulikuwa uongo. Mvuke wa Batur haujazoeleka kwa mtu, na waongozaji wote wa kijijini kwetu huyapanga mayai kwa kijiti. Bagas hakujua hayo, akacheka. "Umeona, mke wangu? Wenzako wanaingiza mkono motoni. Wewe jana umelia kwa ajili ya kitunguu."

"Kitunguu ulitakiwa ukikate wewe," Wening akamjibu. "Mwanamume mzima, unakimbia kisu."

Wageni wengine walikuwa wamejazana kwenye mabenchi ya mianzi, wamejifunika mablanketi ya kukodi, wakiugojea mstari mwekundu nyuma ya mlima Rinjani, ng'ambo ya bahari. Jua lilipochomoza watu walishangilia. Luh naye aligeuza uso upande huo, maana mwongozaji asipolitazama jua wageni hudhani wamepunjwa. Aliliona kama alivyoliona jana na juzi: kitu cha mviringo kinachopanda. Hakuhisi baridi wala joto, wala hamu ya kushuka nyumbani.

Sababu yake ilikuwa ikijulikana kijiji kizima. Tatizo ni kwamba kijiji kizima kilikosea.

Kwetu huku ziwani, mtu akianguka vibaya, mwili huokotwa ukapelekwa nyumbani, lakini roho yaweza kubaki palepale imechuchumaa, haijui njia. Mtu wa namna hiyo hula bila kuonja na hulala bila kupumzika. Basi jamaa zake huenda mahali pa ajali na vikapu vya makuti vyenye maua, wali na yai. Kuhani husoma, na mtu wa nyumbani huita kwa jina: njoo, turudi. Ni lazima iwe palepale alipoangukia. Roho si mbuzi, useme ukiipigia mluzi huku itatokea kule.

Luh alianguka msimu uliopita wa vitunguu, akavunjika mfupa wa bega. Alisema ameangukia Kona ya Nyani, pale njia inapojipinda na nyani wa mlimani huwapokonya wageni ndizi. Kila mwongozaji amewahi kuteleza pale, kwa hiyo hakuna aliyeuliza la pili. Mama mkwe wake, Bi Simpen, ambaye magoti yake yamekataa hata ngazi za hekalu, alipakiwa kwenye pikipiki hadi pikipiki iliposhindwa, kisha akapanda kwa fimbo huku akitukana mawe. Ndiye aliyeita. Aliita mpaka sauti ikapasuka. Luh, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alikaa kando akasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza mwingine akiitwa. Alipopewa wali wa sadaka akala, na watu wakasema, oneni, macho yamerudi. Yeye akatabasamu kwa adabu.

Lakini hakuangukia Kona ya Nyani.

Kabla ya hapo alikuwa na binti, Putu, ambaye hata jino la kwanza alikuwa hajang'oa. Homa ilimchukua upesi mno. Siku ya mazishi wanawake walimshika Luh mabega na kumwonya asimdondoshee marehemu machozi, maana machozi huilowesha njia yake ikawa nzito kupitika. Luh akatii. Wenzake husahau onyo hilo wakalia, na hakuna anayewalaumu, ila yeye alitii siku ile, akatii na siku zilizofuata, hata watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Kisha asubuhi moja alipanda mlima bila mgeni, akaacha njia, akaelekea ukingo wa magharibi juu ya uwanja wa mawe meusi, ambako hakuna mwongozaji apelekaye mtu. Na tuseme wazi, hakwenda kutazama mandhari. Alikwenda ili asirudi. Alisimama pale, upepo ukimvuma usoni, halafu akageuka kurudi. Na ni katika kule kugeuka ndipo mguu ulipoteleza. Alijikokota mpaka njiani, na wenzake walipomkuta na kumuuliza wapi, aliwatajia jina la kwanza lililomjia mdomoni.

Tangu hapo amekuwa akiongoza wageni kila siku isiyo na mvua, na hajawahi kuchelewa.

Walipokuwa wakishuka, walifuata njia ya ukingoni. Bagas alitaka picha. Luh alimwambia picha ipigwe pale kwenye ardhi ngumu. Bagas akasema hatua moja tu, akachukua mbili. Changarawe nyeusi ikaporomoka chini ya viatu vyake. Hakupiga kelele. Alitoweka mpaka kifuani, mikono imekumbatia kichaka, na mawe madogo yakasikika yakishuka kwa muda mrefu chini yake.

Luh alijilaza kifudifudi, akamshika mkanda, akavuta. Bega lililounga likalia, naye akaendelea kuvuta. Wening naye akavuta jaketi la mumewe, huku akisoma kila dua aliyofundishwa. Bagas alipotoka alikuwa na michubuko ya magoti tu, lakini alikaa chini akitetemeka, meno yakigongana, na macho yake yakawa hayamwoni mtu.

"Bagas. Bagas, niangalie," Wening alisema. "Dada, kwa nini haongei?"

Luh alichota changarawe pale pale palipoporomoka, akamwekea Bagas kiganjani na kumfumba vidole. "Muite," akamwambia Wening.

"Si nimeshamuita?"

"Hivyo ulikuwa unamuuliza. Muite arudi nyumbani. Mimi siwezi, si mtu wake."

"Nitaita vipi? Watu wanatutazama."

"Kama unamuita aje kula, na chakula kinapoa."

Wening alitazama huku na huku. Mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo. "Bagas, haya, turudi." Kisha ikakua. "Bagas! Njoo bwana, twende nyumbani! Mama amepika, mimi nina njaa, usinichelewesheee!" Na kabla hajamaliza alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, akimtikisa mumewe kwa ukosi. Bagas akapepesa macho. Akautazama mkono wake uliofumbwa, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama amepika nini?" Wening akampiga kofi la bega, wakakumbatiana, wakacheka na kulia kwa pamoja.

Luh aliwapa maji. Alikaa kando akijaribu kutowatazama. Walipoanza tena kutembea, Wening alimshika mkono kama dada yake.

"Sisi dini yetu haina mambo hayo," alisema. "Lakini umeona alivyorudi? Sasa dada, kama ningemuita kule juu, tulikokunywa chai?"

"Angebaki hapa."

"Hata kama ningeita siku nzima?"

"Hata ungeita siku nzima. Angekuwa anatembea na wewe, anakula na wewe, na hayupo."

Aliyasema kama anavyoyasema kwa wageni wote wanaouliza mila. Ila safari hii maneno yalipokwisha kutoka aliyasikia, naye akasimama katikati ya njia. Bagas, aliyekuwa nyuma, nusura amkumbe. Luh akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Alihisi hofu, hofu halisi. Hakuwa ameihisi hata alipojilaza ukingoni dakika chache zilizopita. Mtu hawezi kujiita mwenyewe. Ni lazima awepo wa kumwita, na huyo ni lazima aambiwe mahali. Na kwa mtu yeyote wa kwetu, mahali pale hapahitaji maelezo.

Kwenye chemchemi za maji moto chini, kando ya ziwa, wageni hukaa majini mpaka shingoni wakipumzisha miguu. Mume wa Luh, Gede Sudarka, alikuwa akifanya kazi hapo, kugawa taulo na kuopoa majani kwa wavu mrefu. Ni mcheshi, na wageni humpenda. Aliwapokea Bagas na Wening kwa mizaha, akawaonyesha bwawa lisilo kali sana. "Bwana harusi aingie la vuguvugu," alisema. "La moto tumewawekea waliooana zamani, ambao hawapatani." Halafu akamgeukia mkewe, na sauti ikashuka kama inavyoshuka mbele ya mgonjwa.

"Umekula? Nimekuwekea samaki. Sikuweka pilipili nyingi."

"Baba Putu," Luh alisema.

Wavu ukasimama majini. Tangu mazishi walikuwa wakiitana wewe na wewe, na kijiji nacho kilikuwa kimelikwepa jina hilo kama shimo njiani.

"Haikuwa Kona ya Nyani."

"Nini hiyo?"

"Nilipoanguka. Si pale."

"Acha masihara, Luh. Mama alipanda mpaka kule na yale magoti."

"Najua."

"Aliita mpaka sauti ikakauka! Wiki nzima anakunywa maji ya tangawizi. Na wewe ukakaa, ukala wali!" Alitazama mabwawani, akashusha sauti. "Sasa ni wapi?"

"Magharibi. Juu ya mawe meusi."

"Kule hakuna njia. Mwongozaji gani anapeleka wageni kule?"

"Sikuwa na mgeni."

Luh alimwona Gede akienda hadi kule kwa mawazo yake, hatua kwa hatua, akafika. Uso wake ukapauka. Aliuegemeza wavu ukutani taratibu, kana kwamba ungevunjika, akaketi ukingoni mwa bwawa, na miguu yake ikaingia majini pamoja na viatu. Mzee mmoja mgeni akaja kuomba taulo. Gede akampa, akamwambia karibu tena, kwa tabasamu lilelile la kila siku. Mzee alipokwenda, tabasamu likabaki kidogo bila mwenyewe.

"Na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

"Hapa. Kazini."

"Nacheka na watu."

"Ungejuaje? Na nilishageuka kurudi nilipoteleza."

"Tunalala mkeka mmoja, Luh." Alijipangusa uso kwa mkono mkavu. "Kilichokurudisha ni nini?"

Swali hilo alikuwa analiogopa kuliko yote, kwa sababu jibu lake lilikuwa dogo na halikumfaa mtu. Angeweza kusema ni yeye. Angeweza kusema ni mtoto, alimsikia akimkataza. Watu wangeipenda hadithi hiyo, na Gede angeishi nayo.

"Mchele," akasema. "Nilikumbuka nimeacha mchele umelowekwa kwenye sufuria kubwa. Mama hawezi kuiinua."

"Mchele."

"Ee."

"Si mimi."

"Si wewe. Nisamehe. Ilikuwa mchele."

Gede alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Mabega yake yakaanza kucheza. Luh alidhani anacheka, mpaka alipoona anayatoa machozi yote ambayo yeye mwenyewe alikatazwa. Hakujua aweke mikono wapi. Akaketi karibu yake, mabega yakagusana, akangoja.

"Itabidi kuhani aambiwe," Gede alisema hatimaye, akipenga kamasi kwa pindo la shati. "Na Mama."

"Utamwambia nini?"

"Mahali tu. Yaliyobaki atayajua." Akatazama juu mlimani. "Safari hii naita mimi. Mama asipande tena."

"Kule ni kubaya, Baba Putu. Changarawe inaporomoka."

"Nimezaliwa chini ya mlima huu." Kwa mara ya kwanza akamgeukia akamtazama machoni, na hakutazama kama anayemtazama mgonjwa. Kulikuwa na hasira ndani yake, na Luh aliipokea kama mtu anayepewa haki yake. "Lakini nataka kujua kitu. Nikifika pale uliposimama, nikasimama, nikaita. Utakuja? Usinipe ile ndiyo yako ya adabu."

Luh aliitafuta ndiyo kila pembe ya moyo wake asiione. Akaitafuta hapana, nayo hakuiona. Bwawani Wening alikuwa akimmwagia mumewe maji, na Bagas akilalamika kwamba magoti yanawasha.

"Sijui," akasema. "Wewe ita kwanza."

Gede akaitoa miguu majini, akavivua viatu, akamwaga maji yaliyojaa ndani, kimoja kimoja, akavivaa tena vikiwa vimelowa, akaanza kufunga kamba.