Gumba la Mama Veneranda

Afisa mmoja wa serikali alikuja na gari jeupe, kwa njia ya zamani ya misafara inayopita nyuma ya kijiji cha Itetemia, akidhani atayazoa madaftari ya chama cha wafuga nyuki kirahisi tu. Thubutu! Alimkuta Modest, katibu wa chama, amekalia sanduku lenyewe la madaftari, mbele ya wanachama.

"Barua ya Mrajisi wa Vyama vya Ushirika iko wapi?" Modest akamuuliza.

"Barua ya nini? Mimi ni afisa!"

"Nakuheshimu, mheshimiwa. Lakini sheria ya ushirika inamtaka Mrajisi mwenyewe, au mtu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Wewe huna. Na siku ukiwa nayo, utakagua hapahapa mbele yetu, hupakii kitu garini."

Afisa akafoka, akataja wakubwa wote anaowajua. Wapi! Akapanda gari akaenda zake. Wanachama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti, mzee Yoramu, Mmoraviani asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu ndiye katibu, bwana! Huyu katulinda!"

Na Modest? Alitamani ardhi ipasuke immeze. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kila neno alilomwambia afisa lilikuwa kweli tupu, lakini si sheria iliyomkalisha juu ya sanduku. Ni ukurasa mmoja tu wa mwaka jana.

Mwaka huo malipo ya pili ya asali, yale ya baada ya chama kuiuza, yalifika Mama Veneranda akiwa dago, kule porini wafuga nyuki wanakopiga kambi wakati wa kurina. Mjane huyu ana mizinga arobaini, na mingine kaichonga mwenyewe. Kusoma hajui, husaini kwa dole gumba la kushoto. Modest akachukua fungu lake, akachovya gumba lake mwenyewe kwenye wino, akaligandamiza mbele ya jina la mama wa watu. Nitampa akirudi, alijiambia. Mama alirudi, na bati mpya zilikuwa zimeshapigiliwa misumari juu ya nyumba ya Modest. Alipouliza malipo ya pili, Modest akamwambia asali yake ilikutwa na maji, imeshushwa daraja, hakuna kitu. Na Mama Veneranda akaomba radhi. Yeye ndiye akaomba radhi, jamani! Kisha akampongeza kwa bati.

Vigelegele vilipotulia, mama huyohuyo akasimama.

"Mwanangu Modest, afisa umemkatalia, sawa. Na sisi wanachama je? Tukitaka kuona vitabu vyetu, nasi tuandikiwe barua?"

"Hapana, mama. Mwanachama ni haki yake," Modest akajibu. Ulimi hauna mfupa. Neno lilikwisha toka kabla hajajua limempeleka wapi.

"Basi nifungulie. Nataka nisomewe asali yangu ya mwaka jana iliandikwaje. Ile aibu ya maji hainitoki, baba. Silali vizuri. Mwaka huu nisije nikawaharibia wenzangu tena."

Modest akapapasa mifuko akijifanya hauoni ufunguo. Akasema daftari limechakaa. Akasema jua linazama, na jua lilikuwa utosini. Watu wakacheka, wakidhani katibu anatania. Kifungu cha kumzuia mama huyu hakuwa nacho. Akafungua, na mzee Yoramu akaliweka daftari mezani, akavaa miwani akasoma kwa sauti.

"Veneranda. Asali safi, daraja la kwanza. Malipo ya pili, amepokea. Na dole lako hili hapa, mama."

Mama Veneranda akainama juu ya ukurasa. Alama ya wino ilikuwa ya gumba zima, pana, mistari yote imetimia. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka gumba lake kando ya alama ile. Kila mtu pale alilijua. Ncha yake ililiwa na shoka miaka mingi iliyopita, akichonga mzinga, na kilichobaki ni kigutu kisicho na kucha.

Uso wa Modest ulimwaka. Aliona haya hata ya kupumua.

"Mama," mzee Yoramu akasema polepole, "wewe ulipokea?"

Mama Veneranda hakupandisha sauti. Akajifunga kanga vizuri.

"Asali yangu haikuwa na maji," akasema. "Hayo mengine muulizeni katibu. Si ndiye anayejua sheria?"

Watu wote wakamgeukia. Modest, aliyemnyamazisha afisa saa moja tu iliyopita, akalisogelea daftari. Akainua gumba lake la kushoto, zima, akaliweka mezani mbele yao.