Nyumba ya Bwana Mbugani

Rehani aliujaza ule ufa wa ukutani chokaa kwa mara ya nne, akaupitisha mwiko mpaka ukapotea.

"Umependeza," alisema Kefa, aliyekuwa akimkorogea chokaa. "Kesho ufa wako utaamka kabla yako."

Nyumba ilikuwa ya Mjerumani wa reli. Alikuja kiangazi, akaona majani mabichi mahali pamoja tu, akapigilia vigingi hapo. Wagogo walimwambia hiyo ni mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Hata mchwa hawajengi. Akauliza watu wanaolala kwenye tembe, chini ya paa la udongo, wanajua nini kuhusu nyumba. Kisha akateremsha msingi wa mawe uliokatisha bonde zima.

Ruthu, mama yake Kefa, alipanda kutoka kisimani na kibuyu. Alikiinamisha. Yakadondoka matope.

"Shikamoo, mama," alisema Rehani.

"Marahaba, fundi. Ng'ombe wangu wanalamba matope, na masika ndiyo haya. Nyumba ya bwana wako inakunywa nini?"

Rehani alichukua fimbo. Aliizunguka nyumba nayo, akiichomeka ardhini na kupima unyevu kwa vidole. Upande wa juu maji ya mvua yalikuwa yametuama, udongo umevimba na kuusukuma ukuta. Upande wa chini, kuelekea kisimani, fimbo ilitoka kavu.

"Msingi umeziba njia ya maji," alisema. "Ufa na kisima ni ugonjwa mmoja."

"Miezi miwili unaziba ufa, ndiyo umejua leo?" aliuliza Ruthu. " Ng'ombe walijua siku ya pili. Walikataa kulala hapa."

"Bwana anasema ni uvivu wetu. Jumatatu akiuona ufa tena, nachapwa viboko."

"Na akikuta umetoboa msingi?"

"Vilevile."

"Basi chapwa kwa jambo la maana," alisema Ruthu.

Kefa alikwisha kuchukua mtaimbo. "Tutamwambia ni tundu la hewa. Wazungu wanapenda hewa."

Walianzia upande wa chini. Jiwe la kwanza lilitoka, la pili likafuata. La tatu, lililoshikwa na udongo uliovimba wa upande wa juu, lilitikisika tu, likatoa jasho la maji machafu. Jua likazama. Rehani akauacha mtaimbo umechomekwa pale pale, na Ruthu akakiegesha kibuyu chake chini ya jiwe, tayari kwa asubuhi.