Besi Iliyoungua Kwenye Karatasi

Fundi Gundi alikuwa amepiga randa nusu ya mguu wa kitanda wakati mkewe alipopita karakanani, ameshavaa sare yake ya usafi, ile ya kijani yenye jina la zahanati mgongoni, akamwambia kwamba leo ndiyo leo. Mazoezi ya okestra ni saa kumi. Mwalimu wao wa muziki amesema saa kumi ikifika bila chombo hata kimoja, anarudisha ufunguo wa darasa walilopewa na shule, na kila mtu ashike njia yake. Yeye mwenyewe yuko zamu zahanati mpaka saa saba na nusu. Sasa aende nani, kama si mume wake ambaye hana bosi wa kumwomba ruhusa?

Fundi aliutazama ule mguu wa kitanda. Mwenye kitanda alikuwa ameshakuja kukiulizia mara mbili, na mbao zilikuwa zimepanda bei tena tangu walipopatana, hata kitanda kilikuwa kinamtia hasara kabla hakijalaliwa. Akavua aproni, akachukua fomu yenye mhuri ya kupokelea vyombo iliyokuwa imechomekwa ukutani, akafunga karakana.

Hakuwa mwanamuziki. Aliingia okestra kwa mlango wa nyuma, miaka kumi na miwili iliyopita, mkewe alipokabidhiwa besi, lile fidla kubwa linalopigwa mtu amesimama. Wengine wote walilikataa. Mkewe alikuwa mfupi kuliko chombo chenyewe, na ilibidi fundi amtengenezee kisanduku cha kusimamia. Siku alipokipeleka, akakuta besi imepasuka ubavu. Akaichukua, akaibandika upya mishono yote. Kesho yake wakamletea fidla iliyong'oka shingo. Keshokutwa upinde. Jina la Gundi likamganda, naye akawagandia. Hakuna aliyelipwa hata senti, si yeye wala dereva wa lori aliyepiga selo, fidla ya kubanwa magotini, wala muuguzi, wala mzee mstaafu wa posta. Walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, na kila mwisho wa mwezi walipiga kwenye uwanja wa zahanati, ambako wagonjwa walioweza kutembea walitoka na shuka zao mabegani kuwasikiliza.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuja bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, wakamwita Bwana Mradi. Aliwaambia kwamba kuna mpango wa kusaidia vikundi vya kujitolea, na kwamba watapewa vyombo vipya, ila kwa utaratibu wa kikuukuu kwa kipya: unarudisha cha zamani, unapokea kipya. Mwalimu alisitasita. Mzee wa posta akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, watu wakacheka, wakakubali. Siku ya makabidhiano vyombo vya zamani vilipakiwa kwenye gari kwa mlango mmoja na vipya vikaingia kwa mlango wa pili, viking'aa na kunukia vanishi. Walipigwa picha navyo, wamesimama, kisha wamekaa. Baada ya picha Bwana Mradi akawaomba wavirudishe kwenye makasha vikaandikwe namba, siku tatu tu. Tangu hapo hawakuviona tena, vipya wala vya zamani.

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya pili. Fundi alifika saa mbili na nusu, akakaa kwenye benchi pamoja na watu watano, na saa nne kasorobo akaingia, fomu mkononi. Bwana Mradi hakuwepo. Karani, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba amehamishwa, na kwamba faili la okestra limeshafungwa kwa sababu msaada umefika.

"Haujafika, dada," alisema fundi. "Ndiyo maana nimekuja."

Karani hakubisha. Aligeuza kompyuta ili fundi aone. Palikuwa na picha ya okestra nzima, na katikati, juu ya kisanduku, mkewe amekumbatia besi mpya na kucheka hadi magego yanaonekana. Fundi alikumbuka kwamba tangu siku ile hajamwona akicheka hivyo. Chini ya picha paliandikwa kwamba wanufaika kumi na tisa wamepokea.

"Kwa hiyo ni vyetu?" aliuliza.

"Ni vyenu."

"Viko wapi?"

"Viko kwenye mradi."

Fundi alijaribu kulipima jibu hilo kama anavyopima ubao uliopinda, asijue aanzie upande gani. Aliuliza mradi uko wapi. Karani akafungua karatasi nyingine, akaisoma, akaisoma tena, na fundi akaona kwamba hata yeye hajui. Mwishowe alisema kwamba kwa anavyoelewa, vyombo vile vinazunguka. Juma lililopita vilikabidhiwa kikundi kingine, na juma lijalo vitakabidhiwa kingine tena. Labda vikimaliza kuzunguka.

"Vikimaliza lini?"

"Hapo hapajaandikwa."

Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililomchanganya fundi zaidi. Angetukanwa angejua la kufanya. Basi akaomba kitu kidogo: kama vipya vinazunguka, wapewe vile vya zamani. Karani alifurahi kupata swali lenye jibu. Vya zamani vilikwenda stoo kuu, nyuma ya mnara wa maji, akamwandikia jina la bwana stoo kwenye kikaratasi.

Stoo ilikuwa uwanja uliozungushiwa ukuta, na mabanda ya bati yaliyojaa madawati yaliyovunjika, vitanda vya hospitali na viti visivyo na miguu. Bwana stoo, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, alisoma kikaratasi, akampeleka banda la mwisho. Navyo vilikuwepo. Fidla nane zimelazwa juu ya kabati kama samaki wa kukaushwa, selo mbili, na nyuma yake besi, imeegemezwa ukutani, uso umegeukia matofali. Matarumbeta hayakuwepo. Bwana stoo alisema hayo yalikuwa shaba, yakauzwa kwa kilo siku ileile.

Fundi aliigeuza besi taratibu, akapitisha kidole kwenye mishono yote aliyoibandika yeye. Ilikuwa nzima. Akauliza asaini wapi.

Bwana stoo alikuna kichwa. Chochote kitokacho getini lazima kiwe na hati ya kutolea, na hati haiandikwi hapa, inaandikwa kule ofisini. Fundi akarudi ofisini kwa miguu. Karani akatafuta, akapata, na uso ukamshuka. Vyombo vya zamani vya okestra viliteketezwa kwa moto tarehe kumi na nne, mbele ya mashahidi wawili. Karatasi ilikuwa na saini.

Fundi alimwambia kwamba ametoka kuvishika kwa mikono yake, sasa hivi. Karani akasema anamwamini. Lakini atawezaje kuandika hati ya kutoa kitu kilichoungua? Alimweleza, kwa upole uleule, kwamba wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

"Na yenye daftari je?" aliuliza fundi.

Karani akafunga faili. Ilikuwa saa sita na nusu, na dirisha lilifungwa kwa chakula.

Alirudi stoo kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Kule angalau vyombo vilikuwepo. Alimsimulia bwana stoo mambo ya moto, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba saini ya shahidi wa pili ni yake. Aliletewa karatasi kumi na saba siku ile, akasaini zote. Alisema hayo akitazama chini, akamkaribisha chai kutoka kwenye birika lililokuwa likichemka pembeni juu ya jiko. Wakanywa. Akamwonya asijaribu kupenya na fidla ndani ya koti, maana mlinzi wa getini hupekua, na juzi tu alimshika mtu na bawaba ya dirisha. Kitu pekee kinachotoka bila hati ni mbao chakavu. Wafanyakazi huchukua za kupikia, mlinzi anaandika tu kwenye kitabu chake.

"Chenye umbo ni kifaa," alisema bwana stoo. "Kisicho na umbo ni kuni. Ndiyo sheria yetu hapa."

Saa nane na robo mkewe aliingia, bado na sare yake ya kijani, mikono ikinuka dawa ya sakafu. Alikuwa amepitia ofisini kwanza, na karani alikuwa amemwambia yote. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye besi, akashika shingo yake, akavuta uzi mmoja. Ulikuwa umelegea, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeamshwa. Akaukaza kidogo, akavuta tena.

Fundi alimweleza habari za hati, za kuzunguka, za moto, na alipofika kwenye kuni alijisikia mjinga, akaitaja kama mzaha. Mkewe hakucheka. Aliuliza gundi aliyotumia ni ipi.

"Ile ya kuchemsha. Ya ngozi."

"Inaachia kwa maji ya moto?"

Fundi alielewa. "Mke wangu, hiki si kitanda. Nikikifungua sijui kama kitarudi kama kilivyokuwa."

"Na kikibaki hapa?"

"Labda mambo yatakaa sawa. Labda hata mwezi ujao..."

"Baba," alisema mkewe, na alimwita hivyo pale tu alipochoka, "wameshakichoma. Wewe unachoogopa kuharibu ni nini?"

Hakujua kama mkewe amesema jambo la busara au la wazimu, na hakujua kwa nini mikono yake ilikuwa tayari inatafuta kisu mfukoni. Bwana stoo alilisogeza birika karibu yao kwa mguu, akasema ana hesabu ya vitanda banda la mbele, akaenda zake.

Walianza na nyuzi. Mkewe alizilegeza moja baada ya nyingine, akazizungusha kiunoni chini ya sare. Kisha fundi akaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akakilaza juu ya mshono, akasubiri, akaingiza ncha ya kisu. Gundi yake ya miaka kumi na miwili ilikuwa ngumu. Ilimshangaza jinsi alivyokuwa ameibandika vizuri, akajikuta anajilaumu kwa kazi safi. Ubavu wa kwanza uliachia polepole. Wa pili nao. Mgongo ulitoka mzima. Kifua, ule ubao wa mbele, kiligoma karibu na shingo, akamwagia maji tena, akasukuma, na palepale ukasikika mlio mfupi mkavu. Ufa wa urefu wa kiganja. Fundi akaacha kisu.

"Endelea," alisema mkewe. Alikuwa amegeuka upande wa madawati, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitembea peke yake kwenye ukingo wa dawati, vikibonyeza mahali pasipo na uzi.

Akaendelea. Saa tisa na nusu besi haikuwepo tena. Palikuwa na rundo la mbao nyembamba zilizopinda, na shingo moja ndefu ambayo fundi aliiweka katikati ya vipande viwili vya dawati ili isionekane. Wakafunga mizigo miwili kwa kamba ya katani. Fidla nane na selo mbili ziliwatazama juu ya kabati. Fundi alizihesabu bila kutaka.

Getini mlinzi alipekua mizigo kwa kijiti. Aligonga ubao mmoja, akasema kuni hizi nyepesi sana, zitawaka kama karatasi. Fundi akasema ndiyo. Mlinzi alifungua kitabu chake kikubwa, akaandika tarehe, akaandika kuni, mizigo miwili, kisha akauliza aandike za nani. Huwa anaandika jina au idara.

Fundi alifungua mdomo ataje jina lake.

"Za okestra," alisema mkewe.

Mlinzi aliinua macho. Fundi alimkazia mkewe macho, lakini mkewe alikuwa anakitazama kitabu.

"Okestra ndiyo idara gani?" aliuliza mlinzi.

"Ya mtaani kwetu. Sisi watu kumi na tisa. Andika."

Mlinzi alifikiri kidogo. Sheria yake ilikuwa kwamba kila mstari ujazwe, na huu ulikuwa unajazika. Akauliza linaandikwaje. Mkewe akamtajia herufi moja moja, taratibu, kama anavyowatajia wagonjwa wasiosikia vizuri, na mlinzi akaandika akizifuata kwa midomo. Kisha akageuza kitabu, akampa kalamu. Mkewe akaweka saini, na pembeni yake akaongeza saa.

Geti likafunguliwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini, na shule ilikuwa mbali kwa mtu mwenye mzigo. Walitembea mpaka walipoupita mnara wa maji. Hapo fundi alisimama, akatua mzigo wake chini, akamuuliza mkewe sasa watamwambia nini Mwalimu: kwamba wameleta chombo, au kwamba hawakuleta?

Mkewe aliwaza. Nyuzi zilikuwa zimemchubua kiunoni, akazisogeza kwa kidole gumba.

"Sijui," alisema. "Twende tukamwonyeshe."