Dau la Soda

Rogath alizima simu tangu jana yake, nikajua amenuna. Ndivyo tulivyokuwa: yeye akinuna huko Ruangwa, mimi huku Naipingo chakula hakipiti. Asubuhi nikaacha korosho za bibi zimeanikwa uwanjani, hazijakauka hata nusu, nikajifunga kanga kwenda kumbembeleza.

"Mvua ikija nani ataanua?" bibi akauliza. Miguu yake haimsimamishi vizuri.

"Nitawahi kurudi, bibi."

"Huyo mwanaume ni kidonda gani, kila mara wewe ukakifunge?"

Ndani ya gari nilipanga maneno ya kuomba radhi. Kosa lenyewe silijui.

Nikamkuta kijiweni kwao, amekaa juu ya bodaboda yake, simu mkononi, inawaka, anacheka nayo peke yake. Aliponiona hakushtuka. Akamgeukia mwenzake Hemedy.

"Nilikwambiaje? Saa sita haifiki. Lete soda yangu."

Hemedy akashika kichwa. "Daah, dada, umeniua! Mimi nilisema safari hii huji, una akili zako."

Kijiwe kizima kikacheka.

"Ulizima simu kwa ajili ya dau?" nikauliza.

"Utani tu, mtoto mzuri. Si nilijua utanifuata? Wewe bila mimi huwezi."

Nilimwangalia anavyofungua soda kwa meno, taratibu, kama mtu aliyeitolea jasho. Soda! Nimeacha kazi ya msimu, nimemwacha mzee peke yake, kumbe bwana mkubwa ameshikwa na kiu! Na ningelia pale, nadhani angedai na ya pili. Nikageuka, nikarudi stendi.

Nyumbani nikakuta mvua imeshapita. Bibi amelowa chapachapa, anavuta turubai huku amekaa chini kwenye tope. Korosho nyingi zimelowa. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Nikazianika upya. Korosho hazina haraka: unageuza, unatikisa chache kiganjani usikie kama zimekauka na zinagonga, hazigongi, unageuza tena. Mwanzoni nilikuwa bado namngoja. Pikipiki ikipita barabarani, naacha kazi nasikiliza. Jioni moja bibi akaniambia pikipiki imepita sasa hivi tu, mimi sikuisikia.

Mwishowe Rogath akaja mwenyewe. Akaingiza pikipiki mpaka uwanjani.

"Kimya chote hiki, Edina? Umepata mwingine?"

"Naanika."

"Natoka Ruangwa kote huko kwa ajili yako, hata maji hunipi?"

"Mtungi uko mlangoni. Na kikombe kipo."

Hakwenda. Akatoa lile neno ambalo zamani lingenipigisha magoti. "Basi tuachane."

Nikaendelea kugeuza.

"Edina, nimesema tuachane."

"Nimekusikia. Sogeza pikipiki, umezizibia jua."