Kibao cha Mwanamke Aliyelala

"Huyo anamngoja mtu! Hebu lione jicho!" kinyozi alifoka, mkasi bado mkononi.

"Anamngoja nani, na wewe? Amechoka tu, mwache alale," jirani yake, fundi fremu, akamjibu.

"Ana njaa," dobi akasema nyuma yao. "Nawaambia tangu juzi."

Hakuna aliyegeuka. Mchoro ulikuwa umeegemezwa mlangoni kwa fundi: mwanamke uchi, amejinyoosha kwenye godoro, mkono mmoja tumboni. Ni dobi mwenyewe, enzi akiwa na miaka ishirini na mbili. Mchoraji alimkataza kula siku nne, maana tumbo likishiba linabadilika umbo, kazi inaharibika. Alimwahidi sahani ya chakula akimaliza. Alipomaliza alikwenda kuonyesha mchoro, akawa mtu mkubwa, akafa.

Sasa makumbusho yalitaka fremu mpya, na kibao cha jina la mchoro kilikuwa tayari: *Pumziko*. Mchoro ungechukuliwa siku hiyo saa kumi.

"Mwanangu, nakupigia magoti," dobi alimwambia fundi. "Neno moja tu libadilishwe. Wakikipigilia hicho, nitakuwa nimepumzika milele."

"Shangazi, mimi wa mbao tu. Maneno yana wenyewe."

Tangu mchoro ufike, mwanamke wa ndani alikuwa akikonda. Jumatatu zilionekana mbavu tatu, Jumatano saba. Alhamisi tumbo lilianza kunguruma, na wateja wa kinyozi wakalalamika kwamba hawasikii redio.

Saa kumi akaja mtaalamu wa makumbusho. Dobi alimng'ang'ania mkono wa koti, akamweleza yote: siku nne, godoro, sahani. Tumbo la mchoro likanguruma hadi misumari ikaruka mezani. Mtaalamu alisikiliza, kichwa upande.

"Utulivu wa ajabu," akasema, akapigilia kibao.

Mwanamke akaketi. Akashusha mguu mmoja nje ya fremu, kisha wa pili, akishika ukuta kama mgonjwa.

"Angalia vanishi, haijakauka," fundi akamwonya.

Mtaalamu alilikagua godoro tupu, akaridhika, likapakiwa garini na kibao chake.

"Si nilikwambia?" kinyozi akasema. "Kamfuata yule aliyekuwa akimngoja."

"Kachoka kulala, basi," akasema fundi. Wakaanza kubishana upya.

Dobi alianua shuka lenye unyevu bado, akamfunika mwenzake mabega, akasukuma mlango wake kwa kiwiko.

"Ingia, mdogo wangu, chakula kimeiva. Kula ushibe. Hapa hakiharibiki kitu."