Kovu Juu ya Jicho

Tangu tumzike kaka, baba hakutaka mtu yeyote amtaje nyumbani. Mimi nikaamua kumchora. Nilichora kurasa nane: kaka akitengeneza redio, kaka akisinzia mezani, kaka akicheka. Nikatoa kopi dukani ninakofanya kazi, nikashona vijitabu ishirini kwa uzi mweusi, nikaanza kuvigawa kimyakimya. Kimoja nilimwachia mjomba, ambaye ni kinyozi, wateja wake wasome wakisubiri.

Jumamosi asubuhi mjomba akanipigia simu. "Njoo mbio. Baba yako yuko kitini, na kijitabu anacho mkononi."

Nilifika nikihema. Baba alikuwa na povu shavu zima, anafunua kurasa polepole. Mjomba ameshika wembe, hathubutu kumgusa.

"Nani kachora haya?"

"Ni mimi, baba."

"Vimebaki vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Kavilete vyote."

Nilijua vinakwenda motoni. Niliporudi navyo nilivikumbatia kifuani. "Baba, ukivichoma nitachora vingine."

Baba alinyoosha mkono mpaka nikampa, akamwomba mjomba kalamu, akafungua cha kwanza.

"Umesahau kovu lake," alisema. "Hapa, juu ya jicho la kushoto. Mwanangu hawezi kuzunguka mitaani na sura nusu."

Tulikaa pale hadi adhuhuri, yeye akichora kovu, mimi nikimfunulia kurasa, na mjomba akiwaambia wateja warudi kesho.